Kitabu cha Tano Kwenye Orodha

Katika kanda nzima ya Tawa, Makueni, Mwongeli alijulikana kama mwalimu msomaji. Sifa hiyo hakuitafuta. Ilitokana na mkoba wake wa kitambaa, ambao kila siku ulikuwa na vitabu viwili au vitatu vilivyochakaa pembeni. Wenzake waliviona vitabu, lakini hawakujua kwamba tangu amalize chuo, miaka tisa iliyopita, hakuwa amefika mwisho wa hata kimoja. Alikuwa akisoma kurasa ishirini, kisha kengele inalia, au kuna mitihani ya kusahihisha, au mtoto wake anashikwa na homa, na kitabu kinarudi mkobani.

Alifundisha Masomo ya Jamii, Gredi ya Saba na ya Nane. Mwaka huo, kwa sababu shule haikuwa na mwalimu mwingine, alikuwa amepewa pia somo la ufundi. Alikuwa akilisoma leo ili alifundishe kesho.

Muhula wa pili ulipoanza, afisa wa mtaala wa kanda, Madam Kaveke, alimpigia simu.

"Mwalimu Mwongeli, wewe ndiye msomaji wetu. Kwenye mkutano wa Ijumaa nataka utupendekezee vitabu. Vya walimu, si vya wanafunzi. Teknolojia, historia na utamaduni wetu. Kumi hivi. Tumechoka kusoma miongozo ya kufundishia peke yake."

Angeweza kusema hapana. Alisema, "Sawa, Madam."

Ijumaa ilifika kabla hajaandika hata jina moja. Wakati wa mapumziko ya saa nne, chai ikipoa mbele yake, alichukua simu, akafungua ile programu ya akili bandia ambayo walimu vijana walikuwa wakiitumia kuandaa maswali, akaiomba impe vitabu kumi kwa ajili ya walimu wa Kenya kuhusu teknolojia, historia na utamaduni. Kabla hajafika nusu ya kikombe alikuwa na vitabu kumi, na majina ya waandishi, na miaka vilipochapishwa, na sentensi mbili za maelezo kwa kila kimoja. Aliinakili orodha yote kwa mkono kwenye daftari, ili ionekane ni yake.

Mkutano ulifanyika saa nane katika chumba cha walimu cha shule jirani. Walikuwa walimu thelathini na wachache. Mwongeli aliisoma orodha yake kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali na kupiga picha ukurasa wa daftari. Alikuwa anakaribia kuketi aliposikia sauti kutoka mlangoni.

"Hicho cha tano. Hebu kirudie."

Alikuwa Mwalimu Nyamai, wa sayansi, aliyebakisha miezi saba kustaafu. Kwa kawaida Nyamai alikaa karibu na mlango na kusahihisha madaftari mpaka mkutano uishe. Leo alikuwa ameweka kalamu chini.

Mwongeli alirudia. Kitabu cha tano kilihusu wahunzi wa Ukambani: jinsi walivyopata chuma, jinsi walivyotengeneza mishale na mikufu, na mahali kazi yao ilipofikishwa na misafara ya biashara.

"Umekisoma mwenyewe?" Nyamai aliuliza.

Chumba kizima kilikuwa kinamwangalia.

"Nimekisoma, Mwalimu."

"Kina picha?"

"Zipo," Mwongeli akasema, na kwa kuwa Nyamai alikuwa bado anangoja, akaongeza, "za mivukuto ya kupulizia moto, na nyundo zao, na hiyo mikufu. Ni kitabu kizuri sana."

Nyamai alivua miwani akaipangusa kwa tai yake. "Baba yangu alikuwa mhunzi," alisema. Hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. "Nimefundisha mashine miaka thelathini na miwili. Sijawahi kuona mtu ameandika kuhusu kazi yake." Akaandika jina la kitabu nyuma ya daftari lake la mpango wa kazi, herufi moja moja.

Mwongeli alifikiri jambo hilo litaishia hapo. Watu wengi huandika majina ya vitabu na mambo yakaishia hapo. Lakini wiki iliyofuata alipata ujumbe: "Habari ya leo, Mwalimu. Nimeuliza Emali, duka la vitabu karibu na soko. Hawana. Barikiwa." Siku chache baadaye: "Nimepitia mjini Salama. Huko wana vya mitihani tu." Mwongeli alijibu mara moja tu: "Endelea kutafuta, Mwalimu." Baada ya kuutuma alitamani kuufuta, lakini alama za kuonyesha umesomwa zilikuwa zimeshatokea.

Wiki ya tatu alipigiwa na namba asiyoijua.

"Ni Mwalimu Mwongeli? Mimi naitwa Shufaa. Nina duka la vitabu hapa Kitui mjini, nyuma ya msikiti. Alikuja kwangu mzee mmoja, Mwalimu Nyamai, ametoka huko kwenu Makueni kutafuta kitabu. Nimewapigia wachapishaji wote ninaowajua, wa Nairobi na wa Mombasa. Hakuna anayekijua. Mwandishi pia hawamjui. Mzee ameniambia wewe umekisoma. Nipigie picha jalada tu, nitajua pa kuanzia."

"Nitakitafuta nione nimekiweka wapi," Mwongeli alisema.

"Haya, mwanangu," Shufaa akasema. "Kitafute."

Mwongeli alikaa kwenye ukingo wa karo la kuoshea mikono, nyuma ya madarasa, akaiuliza tena ile programu. Safari hii aliuliza jambo moja: kitabu hiki kinapatikana wapi? Jibu lilikuwa la adabu. Liliomba radhi kwa usumbufu, likasema haliwezi kuthibitisha kuwa kitabu chenye jina hilo kipo, wala mwandishi wake. Aliulizia vingine tisa, kimoja kimoja. Sita vilikuwepo kweli. Vinne, kikiwemo cha wahunzi, havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Na yeye alikuwa amedai kuona picha ndani yake.

Jumamosi alienda Kitui. Duka la Shufaa lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye rafu mpaka darini. Mbele zilipangwa kalamu na madaftari, na kadiri ulivyoingia ndani vitabu vilizidi kuwa vya zamani. Shufaa alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, amejitanda leso ya kijani. Babake, Othman, alikuja kutoka pwani akiwa fundi cherehani, na kwa sababu alipenda kusoma kuliko kushona, duka la nguo likageuka duka la vitabu.

"Dada Shufaa," Mwongeli alisema mara tu walipomaliza salamu, "hicho kitabu hakipo."

"Nilijua siku ile uliposema utakitafuta." Shufaa alimsogezea kiti. "Mtu aliyesoma kitabu huanza kunihadithia. Huwa sina hata nafasi ya kukata simu. Wewe hukunihadithia chochote."

Mwongeli alimweleza yote, pamoja na daftari na mivukuto. Shufaa alisikiliza bila kumkatiza.

"Nipe kingine kinachofanana na hicho," Mwongeli akamalizia. "Nimpelekee leo."

"Ili asijue?"

"Hapana. Nitamwambia. Nisimwendee tu mikono mitupu."

Shufaa aliingia ndani kabisa na kurudi na vitabu viwili. Kimoja hakikuwa na jalada. Alikuwa amekinunua kwa jamaa za mwalimu mmoja aliyefariki mjini Mwingi. Kilieleza misafara iliyotoka bara kwenda pwani, walibeba nini na walirudi na nini. Cha pili kilikuwa kipya zaidi, kuhusu jinsi redio, na baadaye simu ya mkononi, zilivyobadilisha maisha ya vijijini katika nchi moja ya Afrika Magharibi.

"Hiki cha misafara nimekisoma mara mbili," alisema. "Sura ya kwanza inachosha, nakwambia mapema. Vumilia mpaka ukurasa wa arobaini. Hiki cha simu utakimaliza kwa wiki moja, kina vichekesho. Lakini mzee usimpe kitu leo. Visome wewe kwanza. Ukimpa sasa utakuwa umempendekezea tena kitu usichokijua."

"Na nikimwambia atanionaje?"

"Hilo mimi silijui. Alikaa hapo ulipokaa, akanisimulia habari za babake karibu saa nzima. Mtu wa namna hiyo haachwi azunguke madukani."

Siku ya pili yake, baada ya ibada, Mwongeli alienda nyumbani kwa Nyamai. Nje, kando ya ukuta wa jikoni, Nyamai alikuwa ameketi na kaka yake mkubwa, Mzee Kitonga, mzee wa kanisa, wakimenya mbaazi mbichi kwenye sinia. Nyamai alipoona mkoba aliinuka haraka mpaka ndoo ya maganda ikamwagika.

"Umeniletea kitabu chako!"

"Hapana, Mwalimu." Mwongeli alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, lakini yote yakapotea. "Hicho kitabu hakipo. Sikukisoma. Hakuna aliyekiandika. Niliipata ile orodha kwenye simu dakika chache kabla ya mkutano, nikainakili. Ulipouliza, nikadanganya."

Nyamai alibaki amesimama.

"Ulisema kina picha."

"Nilisema."

"Za mivukuto."

"Ndiyo, Mwalimu. Naomba unisamehe."

Nyamai alirudi kwenye kiti polepole. Aliokota maganda, moja moja, akayarudisha kwenye ndoo.

"Huyu," alisema akimwonyesha kaka yake kwa kidevu, "alikuwa hajaitaja kazi ya baba tangu tubatizwe. Mimi nilikuwa na miaka sita. Vifaa vilitupwa, na sisi tukaambiwa ni mambo ya giza, tusiulize. Mwezi uliopita nikamwambia, kaka, imeandikwa kitabuni, kuna na picha, walimu wanasoma. Akaanza kuongea. Miaka hamsini na mitatu, Mwalimu, halafu akaongea kwa sababu ya picha zako."

Machozi yalimjia Mwongeli na akaona aibu zaidi, kwa maana aliyekosewa si yeye.

Mzee Kitonga hakuwa ameinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kupasua mbaazi. "Kwa hivyo hakuna aliyeandika," alisema.

"Hakuna ninayemjua, mzee."

Kitonga akaguna. Chai ilikuwa imeletwa, na Mwongeli akainywa kwa sababu kuiacha kungekuwa kosa lingine. Alipoaga, Nyamai alimpa mkono lakini hakumsindikiza. Mwongeli alitembea peke yake mpaka barabarani, akijua kuwa mgeni nyumbani kwa Nyamai husindikizwa mpaka apate gari.

Kuanzia Jumatatu alisoma. Alikuwa akifika shule nusu saa mapema na kukaa darasani kabla wanafunzi hawajaingia, na saa ya chakula alikula kwa mkono mmoja. Cha simu alikimaliza kwa siku nane. Mara mbili alicheka peke yake mpaka mwalimu mwenzake akamuuliza kuna nini, naye akamsomea kipande cha mama aliyepanda juu ya paa la kanisa kila Jumapili kutafuta mtandao. Cha misafara kilimpiga chenga. Sura ya kwanza ilikuwa ya takwimu na majina ya makabaila. Ukurasa wa thelathini na moja alitaka kukirudisha mkobani kama vile alivyokuwa akirudisha vingine. Alimpigia Shufaa kulalamika, na Shufaa akamcheka: "Bado kurasa tisa."

Shufaa alikuwa amesema kweli. Baada ya hapo wabeba mizigo walianza kuwa na majina na hasira na miguu iliyopasuka, na Mwongeli akawafuata mpaka pwani na kurudi. Siku ya kumi na tisa alifunga kitabu. Alikaa akikiangalia. Kisha akarudi ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, ambapo aya moja ilitaja wahunzi wa vilima vya Ukambani. Aya hiyo ilisema wahunzi hao hawakuwa na chuma chao wenyewe. Walifua tu nyaya na majembe yaliyoletwa na wafanyabiashara kutoka pwani.

Aliupiga picha ukurasa huo akamtumia Nyamai. "Mwalimu, kitabu hiki kipo na nimekisoma chote. Hapa anazungumzia wahunzi. Mimi sijui kama ni kweli."

Siku mbili hakukuwa na jibu. Siku ya tatu, saa ya chakula, simu ililia.

"Amekosea," Nyamai alisema bila salamu.

"Nani, Mwalimu?"

"Huyo mwandishi wako. Eti chuma chote kilitoka pwani! Kitonga ameniambia mwenyewe. Mvua ikishapita, mto ukikauka, kuna mchanga mweusi unaobaki kwenye kona. Mama ndiye aliyeukusanya, akaupepeta kwenye kibuyu na maji. Huo ndio uliingia kwenye tanuri. Nyaya za pwani walizitumia, sikatai, lakini si peke yake." Alikuwa anahema. "Na sijakusamehe bado. Nimepiga kukuambia ukurasa umekosea."

"Sawa, Mwalimu," Mwongeli alisema, akatafuta kalamu.

Mkutano wa Julai ulipofika, alimwomba Madam Kaveke dakika kumi. Alisimama mbele ya wale walimu thelathini na wachache na kuwaambia kwamba kati ya vitabu kumi alivyowapa, vinne havikuwahi kuwepo, na kwamba vile sita vilivyobaki alikuwa hajafungua hata kimoja. Kulikuwa na minong'ono. Mwalimu mmoja wa kiume, Mulinge, alisema kwa sauti kwamba yeye alikuwa ameshawatajia wazazi cha saba.

"Kiko kati ya hivyo vinne," Mwongeli alisema. "Samahani, Mwalimu Mulinge. Leo nina viwili tu. Hivi nimevisoma, mniulize chochote."

Nao waliuliza. Aliwasimulia yule mama wa juu ya paa, akaeleza jinsi mwandishi anavyosema kijiji hakikupokea simu kama ilivyokuja bali kilijifunza kuigeuza na kuizungusha mpaka ikafaa mambo yake, na kwamba hapo ndipo yeye alipopata namna ya kufundisha somo lake la ufundi: kuanza na kitu kilichopo nyumbani kwa mwanafunzi. Kuhusu cha misafara aliwaonya juu ya sura ya kwanza. "Na ukurasa wa mia moja na kumi na mbili," akasema, "kuna mtu hapa anaupinga."

Nyamai aliinuka karibu na mlango. Alieleza habari za mchanga mweusi kwa maneno machache, kama anavyoeleza jaribio la maabara. "Msikubali kwa sababu nimesema mimi," alimalizia. "Jumamosi saa tatu, mto Thwake, pale chini ya daraja. Mje na sumaku."

Walikuja walimu kumi na mmoja, na Gredi ya Nane ya Mwongeli karibu yote. Mzee Kitonga alikuja akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alitembea kwenye mchanga mkavu akiangalia chini, akapita sehemu tatu ambazo wengine waliona zinafaa, akasimama kwenye kona ambapo mchanga ulikuwa na mistari myeusi kama wino uliomwagika. Akagusa kwa fimbo.

"Hapa."

Nyamai alipiga magoti na kupitisha sumaku juu ya mstari. Ilipotoka ilikuwa imevaa manyoya meusi, chembe zimesimama wima kuizunguka pande zote. Wanafunzi walipiga kelele. Nyamai alibaki amepiga magoti, ameishika sumaku mbele ya uso.

"Kila mwaka naandika barua ya kuomba unga wa chuma wa somo la sumaku," alisema. "Kila mwaka."

"Unaishika vibaya," Kitonga alimwambia. "Utapeperusha yote. Lete chombo chenye maji." Akavua koti, akakunja mikono ya shati, na mbele ya watu wote akaanza kuonyesha jinsi mama yao alivyopepeta: mzunguko mdogo, unainamisha, mwepesi unatoka, mzito unabaki. Mikono yake ilikumbuka kuliko mdomo wake. Mulinge alirekodi kwa simu. Msichana mmoja aliuliza kwa nini mzito hubaki, na Nyamai na Mwongeli wakaanza kujibu kwa pamoja, kisha kila mmoja akamwachia mwenzake, mpaka msichana akajijibu mwenyewe.

Walipochoka walikaa kwenye kivuli cha daraja. Kitabu cha misafara kilikuwa kinazunguka mikononi. Madam Kaveke alikuwa ameandika majina ya wanaotaka kukiazima, na Mulinge alikuwa wa kwanza. Nyamai alikaa karibu na Mwongeli, akamkatia kipande cha muhogo wa kuchemsha bila kumwangalia.

"Shufaa ananiuliza habari zako kila tunapozungumza," alisema. "Nimemwambia unasoma siku hizi."

Mzee Kitonga alinyoosha mkono, akaomba kitabu. Alikishika kama mtu anayepima uzito, akampa Mwongeli.

"Macho yangu si mazuri. Nisomee hapo alipokosea."

Mwongeli alimsomea ile aya, taratibu, akimtafsiria kwa Kikamba kila sentensi. Kitonga alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, akaguna, akanyoosha mguu uliokuwa umekufa ganzi.

"Usinyamaze," alisema. "Hao wa misafara wakaenda wapi baada ya hapo?"